Mama Gladwell na Mtambo wa Serikali

Mchungaji, majirani, na waheshimiwa mliopewa viti vyenye vitambaa, mimi ni Wakonyo, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Gladwell Ngige.

Alizaliwa Endebess tarehe 9 Machi 1957, akasoma huko hadi darasa la saba, na tarehe 16 Desemba 1978 akaolewa hapa Tongaren na baba yetu, Zachary Ngige, wakajaliwa watoto wanne, sote tuko hapa.

Mwaka 2009 yeye na akina mama wa kijiji walianza kutengeneza mala, yaani maziwa ya kugandisha, katika kibanda chao, na kuiuza Kitale, dukani kwa Bwana Jignesh, na faida ikamlipa daktari wa mifugo kwa kila boma lenye ng'ombe mmoja tu, jambo ambalo baadaye, katika semina za hotelini, lilikuja kuitwa biashara jamii, likatungiwa sera.

Sera hiyo ilitufikia Juni 2022, na mahema, wacheza ngoma, utepe na mtambo wa kupoza maziwa, mtambo ukawashwa kwa jenereta, ukanguruma vizuri, waheshimiwa wakapigwa picha, na jioni jenereta ikapakiwa pamoja na viti ikarudi mjini, kwani kijijini hakukuwa na stima, na hadi leo hakuna. Mama alipoifuata stima hiyo katika ofisi ya serikali, bwana mmoja alimwambia ati angoje, iko kwenye mpango, naye akamwuliza, "Na ng'ombe niwaambie wangoje?"

Akarudi kwa sufuria zake.

Januari 2025 alianza kuugua figo, akatibiwa katika hospitali ya Lugulu, akatuacha tarehe 3 Mei. Asubuhi hii waheshimiwa wameniletea maneno ya kusoma hapa, ati sera ndiyo iliyomwinua marehemu, na ati kibanda cha maziwa sasa kitapewa kikundi kipya cha vijana, maana mwanzilishi hayupo. Vijana hao hatuwajui, mwenyekiti wao tunamjua, ameketi pale mbele na ana wajukuu. Sitayasoma. Kibanda kiko kwenye shamba letu, akina mama jana walimchagua Mama Jerono awaongoze, na huo mtambo, ambao kuku wamezoea kutagia, mnaweza kuubeba leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Lugulu, majirani waliokesha nasi, Bwana Jignesh, na wanakikundi waliotukamia ng'ombe wiki hii yote. Waheshimiwa, chakula kipo, hotuba hazipo.

Mama, pumzika kwa amani, maziwa ya leo yamepokelewa.