Utatembea, Ila Si Leo

Fundi wetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga unga, mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala na mama yake alifua nguo za watu. Dada yake mkubwa, aliyekaa hapa mbele, anasema alichelewa kutembea mpaka majirani wakaanza kunong'ona. Alisimama akiwa na miezi ishirini, na siku aliyosimama hakuanguka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari miaka minne. Mwalimu wake wa hesabu alimwandikia kwenye ripoti neno moja tu: "Anajijua." Wazazi walilizungusha neno hilo wiki nzima wasijue kama ni sifa au lawama. Mwaka 1981 aliingia chuo cha ufundi, akatoka baada ya miaka miwili na cheti cha kutengeneza miguu bandia.

Tarehe 1 Februari 1984 alianza kazi katika karakana iliyo nyuma ya hospitali, akapewa meza ya kando ya dirisha lisilofunguka. Kwenye meza hiyo alikaa miaka thelathini na saba. Alipima mapaja, akakoroga plasta, akapiga msasa mpaka nyusi zikawa nyeupe kabla ya wakati wake.

Mgonjwa hakudanganywa pale mezani kwake. Msusi mmoja aliyepoteza mguu alimuuliza, "Fundi, nitaweza kusimama kutwa nikisuka?"

"Utasimama. Mwezi wa kwanza robo saa, na utalia."

"Wewe ni fundi au mchawi?"

"Fundi. Mchawi angekuambia leo leo."

Miezi minane baadaye msusi alikuwa anasimama kutwa. Wagonjwa wote walisikia maneno yale yale, utatembea, ila si leo, na wenzake kazini wakamtania kwa jina la Bwana Si Leo. Hakuchukia. Alikuwa anaitika.

Tarehe 15 Agosti 1987 alimwoa mshonaji wa mikanda ya ngozi wa karakana hiyo hiyo. Alimposa kwa kumwambia, "Nyumba sina, ila nitakuwa nayo. Si mwaka huu." Bibi harusi akamuuliza ni mwaka gani basi. Akahesabu kwa vidole, akasema wa tano. Walihamia mwaka wa sita, na mkewe mpaka leo hajamsamehe huo mmoja uliozidi. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa lazima lisemwe la cheo. Marehemu aliomba ukuu wa karakana mara nne: 1998, 2005, 2011 na 2017. Kila mara alipiga pasi shati mwenyewe. Mwaka 2005 waliomsaili walimuuliza kama anaweza kuendesha tanuri jipya la kulainisha plastiki. Akajibu, "Sijawahi kulishika. Nipeni wiki tatu nitaliendesha." Aliyemfuata akasema naweza, akapewa cheo. Jumatatu mkuu huyo mpya alikuja mezani kwake na daftari, akainama: "Mzee wangu, hivi hili dude linawashwaje?" Marehemu akavuta kiti. Walilijua tanuri siku ya kumi na sita, na mkuu akapigiwa makofi.

Binti yake, kitindamimba, alikasirika. "Baba, kwani ungekufa ukisema unaweza?"

"Kuna mtu atakuja kuukanyagia mguu utakaotoka kwenye tanuri hilo, mwanangu."

Hakukata tamaa, na hakujidanganya. Kila baada ya kukosa aliuliza amepungukiwa nini, akaenda akajifunza hicho. Mwaka 2017 hapakuwa na kitu kwenye ile karakana asichokijua. Walimuuliza angeanza na lipi. Akasema feni ya kuvuta vumbi, kwa kuwa mafundi wote wanakohoa. Mmoja wa waliomsaili akacheka, akasema hawatafuti mkuu wa kufagia. Akapewa mwingine. Marehemu alistaafu Machi 2021, kwenye meza ile ile. Feni iliwekwa mwaka uliofuata.

Kikohozi chake kilianza 2019. Tarehe 14 Julai 2021 daktari aliona mapafu yameshakuwa magumu kwa vumbi. Marehemu akamwambia amweleze ukweli, kama yeye alivyowaeleza wagonjwa wake. "Miaka miwili, mzee. Mitatu ukijitunza." Akasema, "Nitachukua mitatu." Alipungukiwa siku thelathini na tatu.

Mwezi wa nne mwaka huu kitindamimba alikuwa anamuuguza, na mwanawe wa miezi kumi akajishikilia ukingo wa kitanda akisimama. Mgonjwa akamtazama muda mrefu. "Huyu atatembea," akasema. "Si leo."

Binti akamuuliza kama angerudishwa kwenye ile meza ya usaili angejibu vingine. Alingoja pumzi irudi. "Ningejibu vilevile. Lakini nilikitaka kile cheo. Nilikitaka sana. Usiwaache waseme sikukitaka."

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, amekaa, kwa kuwa kulala kulishamshinda.

Juzi karakana ilileta aya yake ili isomwe hapa. Imeandikwa vizuri, na walioileta wamekaa mstari wa pili. Inasema marehemu alikuwa mtu wa kuridhika, asiye na hamu ya vyeo. Familia imeshukuru kwa shada la maua. Aya haikuingizwa kwenye wasifu huu. Alikitaka cheo hicho miaka ishirini, alikiweza, na hakupewa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili na kaka mmoja. Ameacha pia watu wanaotembea, na mmoja wao ni msusi yule pale nyuma, aliyeletewa kiti mara mbili akakikataa, amesimama tangu ibada ianze.

Fundi wetu na apumzike mahali pasipo vumbi.