Debe la Daktari Ndihokubwayo

Tarehe 31 Desemba 1998 Daktari Venanti Ndihokubwayo anavua koti jeupe, baada ya miaka ishirini na saba ya kupasua watu, kwanza Kibondo, kisha hapa Kasulu. Nimeombwa niandike mimi, Mama Winifrida wa dobi, maana mashuka yote aliyoyachafua nimeyafua mimi.

Mashine ya kuwapasua kina mama kwa matundu madogo ilipoletwa mwaka 1996, madaktari vijana waliikimbilia. Daktari akawazuia. Alichukua debe tupu la mafuta, yale ya msaada yanayotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akalitoboa, akatia kioo, akasema hakuna kumgusa mama wa mtu kabla ya kulishinda debe. Mikono nje, vyuma virefu ndani, macho kwenye kioo. Ukipeleka kulia, unaona kushoto. Kwanza kuhamisha maharage, kisha kushona utumbo wa mbuzi. Ukimaliza, jibu lake moja tu: "Rudia."

Mwanangu Winifrida, daktari msaidizi (mimi wa darasa la nne nimezaa daktari, someni tena!), alirudia mpaka nikawa namsalimia mzee huyu nusunusu. Watu wakaanza kusema binti wa dobi ataishia kwenye maharage.

Lakini Mungu si Athumani. Jioni moja Daktari alinunua utumbo wa nyumbani kwenye bucha ya Twalibu, akauweka karibu na ule wa mazoezi. Wakati wa kuondoka akabeba ule wa mazoezi! Mkewe Claudine akapika. Mezani mzee anatafuna, anavuta uzi.

"Baba Divine," mkewe akauliza, "huyu mbuzi alilazwa wodi gani?"

Ilikuwa mishono ya Winifrida wangu. Imechemka, na haijafumuka hata mmoja!

Asubuhi Daktari akamwita: "Mishono iliyoishinda sufuria ya Claudine itamfaa mgonjwa." Wiki ileile Winifrida akamtoa mama mmoja wa Makere uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Daktari alisimama kando, mikono nyuma, jasho likimtoka kuliko mwanangu. Najua, koti lake nililifua mimi. Yule mama aliwahi palizi ya msimu uleule.

Sasa debe anaachiwa Winifrida. Juzi tulimkalisha mzee mbele ya debe hilo atuage kwa harage moja tu. Likamponyoka. Sote tukacheka, isipokuwa Winifrida.

"Rudia, baba."

Akarudia, taratibu, mpaka likaingia kikombeni.

Murakoze, asante sana, Daktari. Nenda kwenu Mabamba ukalime maharage yako, safari hii uyashike kwa mkono. Usipungukiwe afya wala mboga, na Claudine akague kila kifurushi.