Mwalimu Aliyeketi Sakafuni

Marehemu, ambaye hata nyumbani tulimwita Mwalimu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Mama yake alisimulia kwamba alipozaliwa hakulia mara moja. Alianza kwa kuwatazama waliokuwepo, kama anayetaka kujua kwanza ameingia kwa watu gani.

Alisoma shule ya msingi mtaani, sekondari ya bweni, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1996. Mwaka 2001 alipata kazi ughaibuni, katika shule iliyo nyuma ya kituo cha treni.

Alikwenda na njia aliyolelewa nayo: kila mtoto asimame mbele, ajibu kwa sauti. Msichana mmoja aliposimamishwa alikimbilia chini ya meza, na tangu siku hiyo akawa anashinda huko. Mkuu wa shule alichoka.

"Mwalimu, huyu ahamishwe. Anakuchezea."

"Hanichezei, Mkuu. Ananiogopa. Nipe muhula huu tu."

Kesho yake Mwalimu aliketi sakafuni, akaegemea mguu wa meza ile, akawasomea wote hadithi bila kumgeukia. Wiki zikapita hivyo. Siku moja sauti ikatoka chini:

"Mwalimu, umeruka ukurasa."

"Eti? Basi nisomee wewe, miwani yangu imechafuka."

Msichana akasoma. Mvulana mmoja akapiga kelele, "Kumbe anaongea!"

"Wewe chiriku, funga mdomo tusikie."

Msichana hakuhamishwa. Naye chiriku akapewa kazi ya kugawa vitabu, apate pa kupeleka domo lake.

Ughaibuni huko ndiko alikompata mumewe, fundi umeme mwenye maneno machache. Alikuja kutengeneza soketi ya sebuleni, katika nyumba aliyopanga Mwalimu, akarudi, akarudi tena, hadi mwenye nyumba akauliza, "Fundi, soketi hiyo haiponi?" Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 2005, wakarejea nyumbani mwaka 2014, na Mwalimu akaendelea kufundisha shule ya hapa mtaani.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Wiki yake ya mwisho, wodini, wifi yake alimshika binti wa Mwalimu mabega: "Lia, mwanangu, utoe yaliyo moyoni." Mwalimu akafumbua macho. "Wifi, mwache. Huyo wangu ni wa chini ya meza."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, alfajiri.

Ameacha mume, dada wawili, wifi, na watoto wawili aliowapa majina ya utani mwenyewe: Kengele, ambaye kilio chake mmekisikia nyote, na Taratibu, yule binti wa wodini, ambaye hajatoa chozi wala neno tangu Jumanne. Tunawaomba msimuulize, wala msimsukume mbele kuaga. Kaeni karibu naye tu.

Mwalimu wetu, pumzika kwa amani. Taratibu wako tutamsubiri.