Gigabaiti Sitini na Tisa Zinazodaiwa Kuliwa

Mgeni rasmi, mama mwenyekiti wa mtaa, wazazi na majirani wote mliofika,

Jirani yetu fundi viatu anasimulia kwamba alituona kwa macho yake mawili. Anasema mlango ulikuwa nusu wazi, na sisi wanne tumeinama mezani na bisibisi, tunaimega ile diski uliyotupatia, mgeni rasmi, kama watu wanaogawana keki. Eti alisikia hata ikilia "kwach!" Habari hiyo imefika mpaka kwa wasiojua kompyuta inawashiwa wapi. Kwa hiyo leo, pamoja na furaha ya kukuona, tumeona na sisi tuseme.

UKARIBISHO
Karibu sana. Viti tumeazima saluni, usishangae vikinukia dawa ya nywele.

TULIKOTOKA
Tulianza kwenye kona ya fundi cherehani, tukirusha nyimbo kwenye simu za watu. Wakaanza kutuletea picha za harusi, video za watoto wakianza kutembea, sauti za marehemu. Kompyuta ikajaa pomoni. Mwaka jana ukatuletea diski na kutangaza mbele ya wote: "Terabaiti moja, yaani gigabaiti elfu moja!" Tulishangilia mpaka koo zikakauka, na kamati ya mtaa ikatupa chumba hiki.

MAFANIKIO
Sasa simu ikitumbukia kwenye ndoo, picha za familia zipo kwetu. Bibi muuza mkaa alikuwa anakuja kila Jumapili kusikiliza sauti ya marehemu mumewe akimgombeza mbuzi. Akimaliza kucheka, anasema, "Haya wajukuu zangu, mfungieni tena, asipigwe na baridi."

CHANGAMOTO
Tulipoichomeka diski, kompyuta iliandika gigabaiti 931. Mama mwenyekiti akavaa miwani.

"Wanangu, mlipewa elfu. Hizi sitini na tisa zimekwenda wapi, kuoga?"

Tulibabaika. Badala ya kuuliza wanaojua, tukaanza kufuta nyimbo zetu wenyewe ili namba ipande. Tulifuta za mapenzi, tukafuta za kubembelezea watoto. Nafasi tupu ikaongezeka, 931 haikutikisika. Waliotuona tukifuta wakasema tunaficha ushahidi. Na ile bisibisi, mgeni rasmi, ilikuwa ya kufungulia kompyuta tutoe vumbi kwenye feni.

Baadaye fundi kompyuta wa barabara kuu alitueleza. Kiwanda kinahesabu kwa elfu: kilobaiti elfu ni megabaiti, megabaiti elfu ni gigabaiti, gigabaiti elfu ni terabaiti. Kompyuta yetu, kila inapopanda ngazi, haitoshelezwi na elfu, inataka elfu moja na ishirini na nne. Gigabaiti yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo diski ileile inatoa chache. Fundi cherehani alielewa kabla yetu: "Si kama kitambaa? Pima kwa mita, pima kwa yadi, namba mbili, na mkasi haujapita!"

Kwa hiyo wewe hukukosea, ulisoma hesabu ya kiwanda. Na sisi hatukuiba, tulisoma hesabu ya kompyuta. Lakini watu wanaikumbuka elfu yako. Wengi wamekuja kuchukua vitu vyao. Watoto wa bibi muuza mkaa wameihamishia sauti ya baba yao kwenye memori kuukuu ambayo simu inaikubali leo, kesho inaikataa. Tuliwaomba watuachie nakala, wakasema, "Mkaimege na hiyo?" Na kamati imetuambia: mwisho wa mwezi zirudi gigabaiti sitini na tisa, au urudi ufunguo wa chumba.

OMBI
Tulikuwa tumeandika feni, viti na rangi ya ukuta. Tumevikata vyote, limebaki moja. Tukieleza sisi, tunaambiwa tunajitetea. Tunakuomba wewe uliyeitoa diski useme hapa, watu wakiwa bado wamekaa, kwamba ni nzima kama ulivyoileta.

Mungu akujalie afya, na nyumba yako isikaukiwe na kicheko.

Ni sisi wanao, Kikundi cha Watunza Picha na Sauti za Mtaa.

Tunakaa sasa. Kipaza sauti ni chako, mgeni rasmi.