Taa ya Kushoto

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu kando ya barabara ya zamani, ile nyembamba ya kwenda na kurudi, na kila mtu ana sehemu yake. Soli, fundi viatu, hukaa mwisho wa kushoto karibu na nyundo zake. Tarishi, aliyepeleka barua za ofisi kwa baiskeli mpaka akastaafu, hukaa katikati. Mimi nilikuwa karani wa idara ya barabara, kwa hiyo naitwa Karani. Mama Birika, mwenye kahawa, ana kigoda chake. Mwisho wa kulia hukaa Indiketa, aliyeendesha lori miaka thelathini na mmoja. Asubuhi hiyo alikuwa amezifumbata funguo za gari lake, na kahawa yake inapoa. Jana yake alikuwa amezozana na dereva kijana kwenye barabara mpya ya njia nne. Mkewe, aliyekuwamo garini, alimpigia simu binti yao, na binti akasema atafika saa nne kuzichukua funguo. Baba aache kuendesha.

— Hebu tueleze vizuri, Soli akasema.

— Niko zangu njia ya kulia, hamsini, sina haraka. Kijana yuko nyuma, ananimulika mataa, pii, pii, pii! Nikamwashia taa ya kushoto. Hapiti! Nikamwashia tena. Hapiti! Mwisho akanipitia kushoto, akanizibia njia, akashuka kunitukana. Mimi! Ningeweza kumzaa baba yake!

— Kulia ulifuata nini?

— Karani, kushoto si ndiko lami inamomonyoka? Kunakula matairi.

— Ni hii ya zamani inayomomonyoka, nikasema.

Ni lazima niieleze hiyo taa. Zamani lori lilimziba macho aliye nyuma, basi dereva wa lori ndiye aliyemtazamia. Akiwasha taa ya kulia, maana yake subiri, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, mbele ni kweupe, nipite. Wa nyuma alipita upande wa kulia na kupiga honi mara mbili, ahsante. Watu wasiojuana walikabidhiana roho zao kwa taa ndogo ya njano.

— Tatizo ni viatu, Soli akaanza. Vijana wanavaa soli nene kama matofali. Mguu hauhisi chochote. Yeye anadhani amegusa, kumbe amekanyaga mpaka mwisho.

— Nenda huko! Tarishi akasema. Tatizo ni barua. Mtu aliyengoja barua wiki tatu, dakika mbili nyuma ya gari zitamfanya nini? Hawa hawajawahi kungoja kitu.

— Na mkanda je? Unakaza kifua, roho inabanwa, mtu anakuwa mkali.

— Soli, na wewe hufungi mkanda, mbona mkali? nikamuuliza.

Mama Birika akacheka hadi akaweka birika chini.

— Nyie wote hamjui, akasema. Ni vioo. Siku hizi vioo vimefungwa. Salamu hazitoki nje. Zinakaa humo ndani, zinachacha, zikitoka zimeshakuwa matusi.

Hilo lilikuwa karibu na ukweli.

— Mimi nilizijua honi za wenzangu kabla sijayaona magari yao, Indiketa akasema taratibu. Ukiharibikiwa kwenye kona, unakata matawi unayatandaza nyuma. Wa kwanza kuyaona anasimama. Haulizi wewe nani, anauliza umekula. Binti yangu kila likizo alikuwa kando yangu. Yeye ndiye alikuwa mhesabu honi. "Baba, huyu kapiga moja tu!" Leo huyohuyo ndiye anakuja kuninyang'anya.

— Usimpe, Soli akasema. Ulimwashia taa, basi. Asiyejua ni huyo kijana.

— Kabisa! Tarishi akasema.

— Mfundisheni na mtoto wangu hivyo hivyo, Indiketa akasema, na kwa mara ya kwanza akanywa kahawa.

Binti akafika saa nne kamili, kwa miguu.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu.

Wote watatu tukamweleza kwa pamoja: kijana hana adabu, taa iliwashwa, tena mara mbili. Alisikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akachutama mbele ya baba yake.

— Baba, kulia kwako kulikuwa na ukuta wa zege. Ulimwambia apite wapi?

Soli akatafuta nyundo yake. Tarishi akanitazama mimi, na mimi nikaitazama barabara. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Indiketa. Tone moja likadondoka, basi.

Indiketa akafumbua kiganja. Alama za funguo zilikuwa zimejichora kwenye ngozi.

— Twende, mwanangu. Endesha wewe.

Gari lake lilikuwa limeegeshwa ng'ambo. Aliingia upande asiouzoea, akahangaika na mkanda. Binti akaondoa gari polepole, akaishika barabara ya zamani, na lori kubwa likatokea nyuma yao. Mbele kulikuwa kweupe. Taa ya kushoto ya gari ikawaka. Lori likapita.

Tulikuwa tumesimama wote wanne.

Honi ya lori ikalia mara mbili, na mkono wa mzee ukatoka dirishani.