Mpima Chumvi Aliyeandika "Maji Baridi"

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada wa marehemu, nimeombwa nisome kilichoandikwa tu, na kwa kuwa aliyeandika ni mimi, tuvumiliane.

Mdogo wangu, mliyemwita Bwana Chumvi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, akaanza shule mwaka 1959, na tarehe 2 Machi 1973 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa bahari, kazi yake kuteka maji kwa chupa, kupima chumvi na joto, na kuandika daftarini, nasi kila akirudi tulimwuliza kama bahari imekolea.

Tarehe 18 Desemba 1976 alimwoa wifi yangu huyu, karani wa posta, baada ya kukataliwa posa ya kwanza, sababu nitawaambia nje, wakajaliwa watoto watatu.

Alitufundisha kwamba jua likinyanyua maji ya bahari kuwa mawingu huiacha chumvi chini, kwa hiyo penye jua kali chumvi hupanda, penye mvua nyingi hushuka, na maji ya chumvi nyingi yakipoa huwa mazito, huzama, huzunguka huko chini yakihamisha joto la dunia, hivyo anayepima chumvi anapima hata mvua iliyonyesha pasipo na mtu wa kuiona.

Tarehe 14 Aprili 1989, baada ya wiki sita za mvua, aliandika namba ndogo ya chumvi, na pembeni yake "maji ya juu yamekuwa baridi", akimaanisha chumvi imepungua, kama tunavyosema maji baridi ya kisima, lakini mkuu wake akasoma baridi ya kupoa, akaona safu ya joto ina nyuzi ishirini na tisa, akasema huyu amepika taarifa akiwa kivulini, akaifuta namba kwa mstari mwekundu, akampeleka stoo kuhesabu kamba, na marehemu, kwa kiburi cha ukoo wetu, hakujieleza.

Miaka miwili baadaye nililimwaga jambo hilo saluni mbele ya mke wa mkuu, akacheka hadi machozi, wiki hiyohiyo marehemu akarudishwa kwenye chupa zake, ila mstari ukabaki, na mvua ile kubwa ikawa kama haikuwahi kufika baharini, jambo lililomuuma kuliko stoo.

Alistaafu mwaka 2011, akaanza kuugua figo Februari 2022, akakatazwa chumvi, akacheka kuliko sisi sote, na tarehe 12 Septemba 2023, saa nne asubuhi, alifariki mikononi mwa binti yake, baada ya kuniuliza kama namba yake imerudishwa, nami sikuweza kumdanganya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viti na kutupikia, na wafanyakazi wenzake, hasa mkuu wake wa zamani, yule pale safu ya pili, asiiname, ambaye leo asubuhi ameahidi kwamba Jumatatu atakwenda kituoni kuiandika upya namba ile na kutia sahihi.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, Jumatatu nitampitia kwake mimi mwenyewe.