Maisha ya Kaka Yetu Futi, Mpima Maji ya Chini ya Ardhi

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Futi. Mimi ndiye mdogo wake anayemfuata. 

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi seremala na mkunga. Jina la Futi alilipata akiwa na miaka saba, alipochukua futi ya baba karakanani, akaifunga jiwe na kuitumbukiza kisimani apate kujua maji yako chini kiasi gani. Futi haikurudi. Baba alimchapa, kisha akamnunulia yake mwenyewe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, na mwaka 1982 alihitimu chuo cha maji akiwa fundi sanifu. Hesabu alizipenda, insha zilimpiga chenga. Barua zake kwa mama zilikuwa na mistari mitatu, mmoja ukiwa wa tarehe.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1990. Mjane anasimulia kwamba siku ya kujitambulisha ukweni, mtu alitaja kuwa kisima chao kimepungua maji. Mgeni alikwenda moja kwa moja kulala kifudifudi kwenye mdomo wa kisima, na shati lake jeupe. Baba mkwe alisema huyu angalau si mvivu.

Alitumikia idara ya maji hadi mwaka 1999, kisha kampuni inayochunguza matangi ya mafuta yanayovuja. Agosti 2016 iligundulika kuwa tangi la kituo cha mafuta kilicho juu ya mtaa wangu lilikuwa likivuja petroli ardhini, naye ndiye aliyetumwa. Alizamisha mabomba manane membamba, akapima kina cha maji kutoka mdomo wa kila bomba, akachora ramani. Maji ya chini nayo hufuata mteremko, na ramani ilionyesha petroli inaelekea uwanja wa mpira, mbali na nyumba zetu. Alituambia tunywe maji ya visima vyetu bila wasiwasi. Tulikunywa miezi kumi na tisa.

Machi 2018 aliona alama za msumeno kwenye bomba la upande wetu. Kabla ya kipimo cha kwanza, fundi wa zege alikuwa amelikata futi nzima ili mfuniko ukae sawa na sakafu, bila kumwambia mtu. Kaka alikuwa akipima kutoka mdomo mpya na kukokotoa kwa urefu wa zamani, kwa hiyo maji ya upande wetu yalionekana yako juu kuliko yalivyokuwa. Ramani yote ilikuwa kinyume.

Angeweza kumtupia lawama fundi. Alikuja kwangu asubuhi ile ile, akasimama mlangoni pa jikoni.

"Mdogo wangu, hayo maji msinywe tena. Nimekosea mimi."

"Si wewe mwenyewe uliyesema ni salama?"

"Ni mimi. Kabla ya kupima nilipaswa kukagua bomba, sikukagua."

Alizunguka nyumba zote kumi na moja akisema maneno hayo hayo, akifunga visima kwa kufuli. Wapo waliomtukana. Mimi sikuongea naye miezi miwili, na hilo linanichoma. Vipimo vya afya vya wanangu vilitoka vizuri, lakini mmoja akiumwa kichwa tu, moyo unanipaa.

Kwa miaka mitano kampuni ilinyonya petroli iliyoelea, ikachuja maji kwa mkaa, ikapuliza hewa ardhini. Kisima changu, cha mwisho kubaki na kufuli, kilitakiwa kifunguliwe baada ya vipimo vinne safi mfululizo. Vitatu vilikuwa safi. Kwa kila kipimo maji huchotwa katika chupa tatu ndogo za kioo, kila moja ijae mpaka juu, ifunikwe, igeuzwe. Kikionekana kiputo cha hewa, haifai, kwa sababu petroli hukimbilia hewani na maji huonekana safi kuliko yalivyo.

Tangu 2019 marehemu alisumbuliwa na moyo. Daktari anasema ugonjwa huo haukutokana na petroli. Baadhi yetu hatujatulia. Jumatatu tarehe 12 Juni 2023, akichota kipimo cha nne, alianguka pale kisimani. Ijumaa tarehe 16, saa tano asubuhi, nilikuwa kitandani pake. Aliniuliza kama chupa zilikuwa na kiputo. Nilimwambia hazikuwa nacho. Alifumba macho, na kabla ya saa sita alifariki.

Nilimdanganya. Maabara ilikuwa imezikataa chupa zote tatu tangu Alhamisi kwa sababu ya viputo. Kwa hiyo hatujui. Bintiye, aliyerithi kazi yake, atachota tena Jumanne ijayo. Hadi hapo, nawasihi mnywe maji tuliyoyaleta, na kisima kilicho nyuma ya hema la msiba nyumbani kwangu asikiguse mtu.

Ameacha mjane, binti mmoja, wana wawili, wajukuu wanne, na sisi ndugu zake watatu tuliobaki.

Kaka, pumzika kwa amani. Majibu yakitoka nitakuja hapa kaburini kukusomea, yakiwa mazuri au mabaya.